Mgongo wa Sorim

Sura ya Kumi na Moja

"Usinivute, Gilsu. Mimi si gunia."

Gilsu aliuachia mkono upesi, kama aliyeshika sufuria ya moto. Siku nane tangu upasuaji na bado alikuwa anasahau. Muuguzi alishamfundisha mara tatu: mgonjwa wa mgongo havutwi. Anapinda magoti, anageuka ubavu mzima mzima kama gogo, anashusha miguu, halafu anajisukuma kwa kiwiko. Kazi ya mwangalizi ni kusimama karibu asianguke, basi.

Sorim alijisukuma. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Alipokaa ukingoni mwa kitanda, mkanda mgumu ukiwa umembana kuanzia chini ya matiti hadi nyongani, alifumba macho akangoja maumivu yapite. Mguu wa kushoto ulikanyaga sakafu vizuri. Wa kulia ulining'inia, unyayo ukielekea chini, na ilibidi aliinue paja zima ndipo kiatu cha hospitali kiingie.

"Kinasogea?" Gilsu aliuliza. Aliuliza swali hilo kila asubuhi.

"Kidole gumba kidogo. Jana jioni."

"Kweli?"

"Nikudanganye nipate nini?"

Kutoka kitanda cha jirani, Bibi Cho alicheka. Bibi huyo alikuwa amewekewa goti jipya, na kwa kuwa goti lilimzuia kwenda popote, alikuwa amehamishia miguu yake yote mdomoni. "Binti, mwanamume anayeuliza habari za kidole cha mguu! Marehemu wangu tulikaa naye miaka arobaini na mitano, hakujua hata kama nina vidole. Huyu ushikilie kwa mikono miwili."

"Mkono mmoja nimeshikia kitanda, bibi," Sorim alijibu.

Wodi nzima ya wanawake sita ikacheka. Gilsu naye akacheka, maana angefanyaje? Lakini sifa zile zilikuwa zinamchoma. Siku nane alilala kwenye kile kitanda kifupi cha waangalizi, miguu ikining'inia nje. Alimnywesha Sorim uji, alimwosha nywele, alimwaga mikojo. Siku nane wanawake wale walimmenyea machungwa madogo na kumwita mwanamume wa dhahabu. Kila chungwa alilila kama mwizi anayekaribishwa chakula na aliowaibia.

Kwa sababu aliyeuvunja mgongo wa Sorim alikuwa yeye.

Diski zenyewe, tuseme ukweli, zilianza kuchakaa zamani. Miaka kumi na minne Sorim alikuwa mpishi wa shule, akinyanyua sufuria za mchuzi wa watoto mia sita, na uti wa mgongo hausahau. Mwezi wa tisa walikwenda pamoja kwa daktari, wakaonyeshwa picha. Diski ya chini ilikuwa imekauka na kubonyea, na pingili iliyo juu yake imeteleza mbele kidogo. Daktari alisema mtu anaweza kuishi nayo hivyo miaka mingi akijitunza. Asichuchumae muda mrefu. Asinyanyue vizito. Sorim aliandika maneno hayo kwenye simu yake kwa bidii, akamtazama Gilsu, akatabasamu: "Basi utakuwa unanibebea wewe."

Mwezi wa kumi na moja ukaja, na kila nyumba kule kijijini kwa kina Gilsu, Goesan, ikaingia kwenye kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya kuliwa majira ya baridi. Mama Gilsu, mjane wa miaka sitini na minane, hakuwa na mtihani mwingine wa kumpimia mkwe. Kabichi mia moja na ishirini: kuzikata, kuzitia chumvi, kuzigeuza usiku, kuzisuuza, kuzipaka pilipili jani kwa jani, mtu amechuchumaa uani kwa siku mbili. Kauli yake ilijulikana kijiji kizima: "Mwanamke asiyeweza siku mbili za kimchi hataweza miaka arobaini ya ndoa." Kwa kauli hiyo alikwisha kumrudisha mjini mchumba mmoja wa Gilsu, miaka sita iliyopita.

Na yaliyotokea uani siku ile ya pili, hadi leo walikuwa wanayajua watu wawili tu.

Sorim alitembea korido kwenda na kurudi, akalala tena kwa ubavu, akavuta pumzi. Gilsu alimfunika blanketi. Akainama karibu na sikio lake.

"Mama yuko njiani. Amepanda basi la saa nne."

"Najua. Kampigia dada yangu akauliza namba ya wodi. Hakunipigia mimi."

"Sorim, leo nitamwambia."

Sorim aliangalia dari. Alikuwa na macho makubwa yanayosema kabla ya mdomo, na ndiyo yaliyomkamata Gilsu siku ya kwanza kwenye foleni ya benki. Sasa yalikuwa yametulia, hayasemi lolote. "Umwambie nini? Nimeshawaambia wote kwamba nilificha mwenyewe. Dada anajua hivyo. Mama yako anajua hivyo. Yameisha."

"Hayajaisha."

"Basi kama hayajaisha, sawa."

Na aibu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: moyoni alisikia nafuu. Alikaa pale pembeni ya mwanamke anayempenda, mwenye skrubu nne kwenye mgongo, na moyo wake ukashukuru kwamba labda hatalazimika kusema.

Mama Gilsu aliingia saa saba kasoro dakika chache, mfupi, mnene, koti la rangi ya zambarau, mkononi amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Wanawake wa wodi walinyamaza wote kwa pamoja, jinsi watu wanavyonyamaza tamthilia inapoanza.

"Shikamoo, mama," alisema Sorim. Alijaribu kugeuka ainuke.

Mama hakuitikia. Aliweka sufuria juu ya kabati, akavuta kiti, akakaa. "Lala. Usije ukavunjika tena nikaambiwa ni mimi."

"Mama, umechoka na safari. Ngoja nikuletee maji," Gilsu alisema.

"Sitaki maji. Kaa."

Alikaa. Miaka thelathini na tisa, msimamizi wa ghala lenye watu ishirini chini yake, alikaa kama aliyeitwa mbele ya mwalimu.

Mama alimtazama Sorim kwa muda, uso, mkanda, mguu. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilitisha zaidi.

"Mwanangu, mimi sikuja kugombana na mgonjwa. Supu hii ya mifupa nimeichemsha siku mbili, utakunywa. Lakini nitasema lililonileta. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe uliyaficha yako, na aliyeumbuka ni mimi. Unajua kijijini wanasemaje? Nikipita dukani wanasema, yule kizee kamuua mkwe kwa kabichi. Mimi! Mimi ningejua una mgongo mbovu, ningekuchuchumaza siku mbili? Mimi ni mnyama?"

"Hapana, mama."

"Ungesema neno moja tu. 'Mama, mgongo wangu haufai.' Ningekasirika, ndiyo, mdomo ninao. Lakini ningekupa kiti ukate vitunguu. Kwa nini hukusema?"

"Nilikosea, mama," alisema Sorim. Na hapo aliyahamisha macho polepole kutoka kwa mama hadi kwa Gilsu, akayaacha hapo.

Gilsu aliona macho yale, akashusha yake. Alitazama kitambaa cha sufuria. Kilikuwa na maua ya samawati, na fundo lake mama alikuwa amelikaza sana.

"Umekosea," mama aliendelea. "Basi nami nikuombe jambo, unisikie kama mama yako. Gilsu ni mmoja tu kwangu. Matambiko ya baba yake nani atayapika? Nikifa mimi, nani atayasimamia? Ningeweza kuvumilia mguu. Ningeweza kuvumilia mgongo. Watu wote tunazeeka. Lakini mwanamke anayeanza kwa kumficha mume, atamaliza kwa nini? Mtazame huyu maskini. Kakonda. Siku nane analala chini ya kitanda chako kama mbwa, hajui kwamba ulimdanganya. Mwache aende zake, mwanangu. Ukimpenda kweli, mwache."

Bibi Cho alishindwa kujizuia. "Kwa hilo la kijana, mama, nakubaliana nawe. Kijana wa dhahabu. Angekuwa mwingine angeshakimbia."

Chozi moja lilimtoka Sorim, likaelekea sikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Hakuinua hata mkono kulifuta. Alibaki amemtazama Gilsu.

Ile dhahabu ya Bibi Cho ilikuwa imemkaa Gilsu kooni kama mfupa.

"Mama," alisema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mgongo. Nilijua tangu mwezi wa tisa. Tulikwenda kwa daktari pamoja, picha niliiona kwa macho yangu. Daktari akamkataza kuchuchumaa, akamkataza kunyanyua."

Mama aliitoa mikono mapajani, akashika ukingo wa kiti.

"Sorim alitaka kukuambia. Alikuwa ameshika simu akupigie. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, siku mbili tu, mama akikupenda tutamwambia taratibu baada ya arusi. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika kwako, nilimpitisha zahanati nikamdungisha sindano ya maumivu. Nilimwambia wanawake wengi hudungwa sindano siku za kimchi." Sasa maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, na alitamani yasimame, na hayakusimama. "Siku ya pili, saa nne, alinifuata kule tulikokaa wanaume. Akaniita pembeni. Akaniambia, Gilsu, mguu wa kulia umekufa ganzi, siusikii. Nikatazama uani nikakuona wewe unatutazama. Nikamwambia... nikamwambia vumilia. Zimebaki beseni nane tu."

Bibi Cho alikuwa ameshika chungwa nusu limemenywa.

Mama Gilsu aliinuka polepole. Akamzunguka mwanawe. Halafu kofi likatua mgongoni kwake, pa!, kofi la mama zetu, la kiganja kizima, katikati ya mabega. Likafuata la pili. La tatu.

"Mgongo mzima huu!" alilia. "Mgongo wako mzima huu ulikuwa wapi? Ulikuwa umeketi na wajomba zako mnakula nyama ya kuchemsha! Mwenzako amekufa mguu, unamwambia beseni nane! Nilizaa nini mimi? Nilizaa nini?"

"Piga, mama."

"Usiniambie piga! Nitapiga nikitaka!" Na akapiga. Lakini kofi la mwisho halikuwa na nguvu, mkono ukabaki pale pale mgongoni mwa mwanawe. Akaurudisha, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akarudi kitini akaketi kwa kishindo. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alionekana mzee.

"Na wewe," akamgeukia Sorim, sauti imekatika. "Kwa nini ulimfunika? Nimekutukana hapa mbele ya watu, umenyamaza tu."

"Sikumfunika kwa wema, mama," alisema Sorim. "Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nione atasema siku gani."

Gilsu aliinua kichwa.

"Siku nane," Sorim alisema, sasa akimwambia yeye. Sauti yake haikupanda, maana akipandisha sauti kidonda kiliuma. "Siku ya kwanza nilisema, bado ana hofu ya upasuaji. Siku ya tatu nikasema, anangoja niketi. Dada yangu alipokuja akanisema mbele yako, eti mimi ni mjinga nimejimaliza mwenyewe, wewe ulikuwa unamenya pea. Uliendelea kumenya. Nikasema kesho. Unajua wenzangu wa jikoni nilikuwa nawaambia nini? Nimepata mwanamume mpole, hapayuki, hagombi na mtu. Kumbe ni woga, Gilsu. Nilikuwa naupenda woga nikidhani ni upole."

"Nimesema sasa, Sorim. Nimesema mbele ya wote."

"Umesema baada ya kusifiwa mpaka ukashindwa kumeza."

Hilo lilimwingia hadi mwisho, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alipiga magoti pembeni ya kitanda, uso wake ukawa sawa na wa Sorim. "Nisamehe. Nitakubeba maisha yangu yote. Kama mguu haurudi, nitakuwa mguu wako."

"Maneno ya tamthilia hayo." Lakini midomo yake ilitetemeka. "Nilimuuliza daktari juzi, wewe ulipokwenda kuoga. Nilimuuliza kama ningefika mapema mguu ungekuwaje. Akasema mshipa wa fahamu ukibanwa, kila saa ina hesabu yake. Huenda ukarudi wote kwa mwaka, huenda usirudi wote. Beseni nane ni kazi ya muda wa saa tatu, Gilsu. Nimelala hapa nazihesabu. Nikijaribu kuinua unyayo usiinuke, naziona zile beseni."

"Hunipendi tena?"

"Mjinga wewe. Ningekuwa sikupendi ningekasirika hivi? Ningekwambia toka, nikalala usingizi." Alifumba macho, machozi yakamtiririka tena kuelekea masikioni. Gilsu aliinua mkono amfute. "Usiniguse sasa hivi. Mkanda huu daktari amesema nivae miezi mitatu. Siku nitakayovuliwa, njoo uniulize kama nitakuwa mkeo. Kabla ya hapo usije."

"Miezi mitatu! Na utanijibu nini?"

"Ningejua ningekuambia leo nikapumzika."

Gilsu aligeuka kumtazama mama yake, kama alivyogeuka maisha yake yote. Safari hii mama hakumwangalia. Alikuwa anahangaika na fundo la kitambaa, kucha zake zenye madoa ya pilipili ya majuma mawili hazikuweza kulifungua. Akalivuta kwa meno. Likafunguka. Akamimina supu kwenye bakuli, akaipuliza, akaonja mwenyewe kwanza.

"Ina chumvi kidogo," alisema, bila kumtazama mtu. "Fungua mdomo, mwanangu."

Sorim alifungua mdomo. Alikunywa vijiko vitatu kimya. Kwenye cha nne alilia kweli, kwa sauti, mkono mmoja umeshikilia mkanda ubavuni, na mama akaweka kijiko chini akamfuta uso wote, mashavu na masikio, kwa upindo wa kile kitambaa chenye maua.

"Mimi ndiye niliyetaka kabichi mia na ishirini," mama alisema. "Mimi na mdomo wangu. Tunakula wangapi pale nyumbani? Mimi peke yangu." Kisha akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu. "Gilsu. Nipe hicho kitambulisho."

Hospitali ile iliruhusu mwangalizi mmoja kwa kila mgonjwa, na kadi yake ilivaliwa shingoni. Bila kadi mlango wa kioo wa korido haufunguki, isipokuwa saa za wageni mchana.

"Mama, wewe una miaka sitini na minane. Kitanda kile kitakuumiza."

"Nimelala juu ya sakafu miaka yote hiyo. Nipe."

"Mama, si lazima," Sorim alisema.

"Nyamaza wewe, unywe supu."

Gilsu aliitoa kadi shingoni. Aliikabidhi kwa mikono miwili, kama ilivyo ada, na mama akaipokea kwa mmoja. Gilsu akakusanya shati lake na mswaki wake. Alipopita kitanda cha jirani alitamani Bibi Cho aseme lolote, hata tusi. Bibi Cho alikuwa amegeukia ukutani.

Mlango wa kioo ulijifunga nyuma yake. Alipaswa kwenda. Alisimama.

Ndani, baada ya muda, aliwaona wakitoka wodini kwa mazoezi ya alasiri. Sorim alikwenda wima kama askari, mguu wa kulia ukiinuliwa juu kidogo na kupigwa chini. Mama yake alitembea kando, mkono ameuweka nyuma ya kiuno cha Sorim bila kukigusa. Hakumvuta hata mara moja. Waliuelekea mwisho wa korido, na Gilsu akamsihi Sorim kimoyomoyo ageuke. Akajua haiwezekani. Mtu mwenye mgongo ule hageuzi shingo na kiuno tu. Akitaka kutazama nyuma lazima ageuke mzima, hatua kwa hatua.

Korido iliisha. Sorim akageuka mzima, hatua kwa hatua, akaanza kurudi.

Alimwona. Gilsu alijua amemwona kwa jinsi alivyosita. Kisha akaendelea, taratibu, taratibu, akaupita mlango wa wodi, akazidi kuja, mpaka akasimama hatua mbili kutoka kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, nywele alizomwosha jana zimemkaa ovyo, na Gilsu hakuwahi kumwona mzuri namna ile. Alimwambia mama neno. Mama akarudi wodini kwa haraka, akatoka amebeba kitu, akaisogeza kadi kwenye kitasa. Mlango ukafunguka.

Gilsu akapiga hatua mbele. Mama akamzuia kwa koti lake mwenyewe, lile jeusi la sufu, alilolisahau juu ya kitanda cha waangalizi. Akamtupia kifuani.

"Nje kuna theluji," alisema Sorim. "Vaa."

"Sorim..."

"Vaa, Gilsu. Funga vifungo vyote."

Alilivaa. Kifungo cha juu kilimshinda, akarudia, akarudia tena. Sorim alisimama palepale na mguu wake ule, akimwangalia, mpaka kilipoingia. Kisha akampa mama ishara ya kichwa, na mama akauachia mlango.

Gilsu alishuka ngazi analia, amejifunga vifungo vyote hadi shingoni.